Tarehe Tano ya Rahabu

Mwalimu Yusta Hezekia alikuwa amechoka na tarehe. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili alitoka nyumbani kwake Kwembago, mjini Lushoto, saa kumi na mbili, akateremka taratibu kwa ajili ya magoti, akapita sokoni ambako wanawake walikuwa wakipanga karoti na hoho juu ya magunia, hadi kwenye chumba cha redio ya jamii, ghorofani juu ya duka la mbolea na mbegu. Saa moja na nusu alivaa miwani, akakisogelea kipaza sauti, akasema maneno aliyoyasema jana na juzi: "Siku kama ya leo, ndugu msikilizaji."

Kisha akasoma. Vita vilivyoanza, vita vilivyokwisha, meli zilizozama, nchi zilizopata uhuru, watu wakubwa waliozaliwa na watu wakubwa waliokufa. Dakika kumi. Alipomaliza alishuka ngazi kwa kushika ukuta, akanywa chai ya rangi kwa mama wa pale chini, akaanza kupanda mlima kurudi nyumbani, na kichwani tayari alikuwa anatafuta kitu cha kusema kesho.

Ilikuwa iwe kazi ya miezi mitatu. Mwaka 2020 alistaafu kwa hiari, miaka hamsini na mitano, baada ya kufundisha Maarifa ya Jamii katika shule za msingi tangu akiwa msichana: Rangwi kwanza, halafu Mtae kwa miaka mingi, mwisho hapa mjini. Huko Mtae alimfundisha Alen, mtoto msumbufu mwenye sauti kubwa, na Alen huyo alipokua akawa meneja wa redio. Ndiye aliyemfuata nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nina kipindi kifupi, hakina mtu. Unajaza tu mpaka nimpate kijana."

Kijana hakupatikana, au Alen hakumtafuta. Miaka mitano ikapita. Yusta alikuwa mjane, watoto wake wawili wako Dar es Salaam na Arusha, na mwanzoni alifurahi kuwa na sababu ya kuamka. Baadaye ile sababu ikawa mzigo wa kuni unaoubeba kila siku kwenye njia ile ile, ambao hukumbuki tena ni nani aliyekutwisha.

Tarehe alizitoa kwenye kitabu kinene alichonunua mwenyewe, na nyingine Alen alimtolea kwenye mtandao. Lakini walichokipenda wasikilizaji kilikuwa kitu kingine. Baba yake, Hezekia, alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri katika kijiji kilicho chini ya Vuga, na kwa zaidi ya miaka thelathini aliandika kwa penseli kwenye kalenda ya kanisa iliyoning'inia msumarini karibu na mlango. Kila siku mstari mmoja, mara chache miwili. Mwaka ukiisha aliishusha kalenda, akaikunja, akaifunga kwa kamba ya katani. Alipofariki mwaka 1994, mama alimkabidhi Yusta bunda zima, kwa kuwa ndiye aliyesoma kuliko wengine.

Kwa hiyo Yusta aliposoma kwamba tarehe tisa Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, aliongeza aliyoyaandika mwinjilisti siku hiyo: mvua tangu alfajiri, bendera mpya, ng'ombe wa Shemdoe amezaa mapacha, mmoja amekufa. Aliposoma kwamba tarehe kumi na mbili Aprili mwaka huo huo mtu wa kwanza aliruka anga za juu akaizunguka dunia, aliwaambia watu kwamba Hezekia, ambaye habari hiyo haikuwa imemfikia, aliandika: "Viazi vya shamba la chini vimeoza." Na mwaka 1984, tarehe hiyo hiyo kumi na mbili Aprili, alipofariki Waziri Mkuu Sokoine kwa ajali ya gari, Hezekia aliandika kwamba redio imesema, na watu wanalia barabarani, na yeye amefunga ibada ya jioni mapema. Watu walipiga simu. Wengine walimsimamisha sokoni wakamwambia, "Mwalimu, baba yako alikuwa mtu kweli." Yusta aliitikia, akaomba radhi, akaendelea na safari yake.

Alijua kuna ukurasa mmoja ambao alikuwa anaukunja kila mwaka.

*

Tarehe tano Februari 1977 ilikuwa Jumamosi. Nchi nzima ilikuwa na sherehe, maana siku hiyo vyama viwili, TANU cha Bara na ASP cha Zanzibar, viliungana na Chama cha Mapinduzi kikazaliwa. Na ilichaguliwa siku hiyo kwa makusudi, kwa kuwa miaka kumi kamili kabla yake lilitangazwa Azimio la Arusha. Watoto wa shule waliambiwa wataandamana kutoka kijijini hadi uwanja wa tarafa. Yusta alikuwa darasa la tano. Kwa wiki nzima walikuwa wametengeneza bendera za karatasi: rangi ya kijani waliipata kwa kusugua majani ya maharage, ya njano kwa bizari aliyoileta mwalimu mkuu kutoka jikoni kwake. Mikono yao ilinuka mchuzi.

Nyumbani hali haikuwa nzuri. Dada yake mkubwa, Rahabu, miaka kumi na minane, alikuwa na mimba, na mwenye mimba alikuwa kijana Mwislamu aitwaye Sharifu aliyekuja gulioni kununua kabichi za kupeleka Tanga. Hayo Yusta aliyajua kwa kusikiliza ukutani. Baba hakupaza sauti. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema tu kwamba mwinjilisti hawezi kusimama mbele za watu na jambo kama hilo likiwa limekaa nyumbani kwake. Mama aliendelea kupika jikoni.

Asubuhi ya Jumamosi Yusta alivaa sare akaenda. Walijipanga wawili wawili, ngoma mbele, walimu pembeni na fimbo zao. Walipofika pale barabara inapokata kona kuelekea Soni, alimwona Rahabu. Alikuwa amesimama kando ya barabara, upande wa bonde, na kikapu na furushi la khanga miguuni. Amevaa viatu vya Jumapili. Alinyoosha mkono.

Yusta alimwona vizuri kabisa. Walikuwa hatua ishirini, kisha kumi. Alijua kilichotokea, bila kuambiwa. Na alijua kwamba akitoka kwenye mstari mwalimu atamchapa, na baba ataambiwa, na baba atauliza ulikwenda kwa nani. Akatazama kisogo cha mtoto aliyekuwa mbele yake. Akaendelea kuimba. Sauti yake ilikuwa nzuri, alikuwa miongoni mwa waanzishaji, na hakukosea hata neno moja la wimbo ule.

Aliporudi jioni, mto wa Rahabu ulikuwa umeondolewa kwenye kitanda walicholala wote wawili. Hakuna aliyelitaja jina lake mezani. Kwenye kalenda baba alikuwa ameandika: "Sherehe ya chama. Watoto wameandamana vizuri. Rahabu ameondoka."

*

Miaka yote ya redio, ikifika tarehe tano Februari, Yusta alisoma Azimio la Arusha na kuzaliwa kwa chama. Aliongeza kwamba mwaka 1971 siku hiyo hiyo Wamarekani wawili walitua mwezini. Vijana walipenda kusikia kwamba mwanasoka fulani maarufu wa Ureno amezaliwa siku hiyo, akawasomea na hilo. Kalenda ya 1977 aliifungua, akaikunja, akasema, "Na hapo ndipo tunapoishia kwa leo."

Mwaka 2025 siku hiyo iliangukia Jumatano. Goti la kushoto lilikuwa limevimba tangu Jumapili. Alishuka akisimama kila baada ya nyumba tatu. Alifika amechelewa, jasho limemkaukia mgongoni, na Alen alikuwa tayari amempigia wimbo wa kuzibia nafasi. Akasoma Azimio, akasoma chama, akasoma mwezi na mpira. Aliposhusha karatasi, Alen nyuma ya kioo alimwonyesha vidole viwili: bado dakika mbili, jaza.

Ile kalenda ilikuwa wazi mbele yake. Baadaye watu walimwambia alikuwa jasiri, na alikataa. Siku ile hakuwa na nguvu hata za kuikunja.

"Mwaka 1977, siku kama ya leo," alisema, "katika kijiji kimoja chini ya Vuga, msichana anayeitwa Rahabu Hezekia alifukuzwa nyumbani na baba yake kwa sababu ya mimba. Baba yake alikuwa mwinjilisti. Ndiye yule ninayewasomea maneno yake hapa, na mnampenda. Aliandika kwamba Rahabu ameondoka. Hakuondoka, alifukuzwa. Mdogo wake alikuwa kwenye maandamano ya sherehe. Akamwona dada yake kando ya barabara, amenyoosha mkono, na yeye hakutoka kwenye mstari. Akaendelea kuimba. Mdogo wake huyo ni mimi. Hatujui kama yu hai. Na hapo ndipo tunapoishia."

Alen alichelewa kuweka wimbo. Kulikuwa na ukimya hewani, sekunde nyingi, unasikika mkwaruzo wa kiti tu.

Alipoingia alikuwa ameshika kichwa. "Mwalimu. Hiyo si historia ya taifa."

"Basi iite unavyotaka."

"Kamati ya redio wataniuliza."

"Waambie nimezeeka." Akaanza kukusanya karatasi. "Nisaidie kushuka ngazi, mwanangu. Goti halinitaki leo."

*

Wa kwanza kuja alikuwa Kristian, mdogo wao wa mwisho, mzee wa kanisa huko nyumbani, ambaye ndiye aliyeachiwa shamba na nyumba ya baba. Alifika Ijumaa asubuhi, buti zimejaa udongo mwekundu. Alikataa kuketi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Chai ipo."

"Sitaki chai. Dada, umemvua baba nguo mbele za watu. Watu wa Vuga wamesikia, watu wa Soni wamesikia. Juzi jioni kwaya ilinyamaza nilipoingia kanisani. Baba yuko kaburini miaka thelathini, hawezi kujibu."

"Alikuwa na miaka kumi na saba ya kujibu kabla hajaingia kaburini."

"Unajua aliishi na hilo jambo vipi? Unajua?"

Yusta alimtazama. Kristian alikuwa na umri wa miaka saba siku ile. Alikuwa nyumbani, hakwenda kwenye maandamano. Katika miaka yote hiyo Yusta hakuwahi kumuuliza.

"Wewe uliona nini?" akamuuliza sasa.

Kristian aligeukia mlango. "Niliona mama akimfungia kikapu," alisema. "Baba alikuwa ameketi nje, amewapa mgongo. Rahabu alimwambia, 'Tate, naenda.' Akajibu, 'Haya.' Hilo tu." Akavaa kofia yake. "Ungeniuliza mimi ningekwambia, sisi wawili, humu ndani. Si redioni."

Akaondoka. Yusta hakumfuata. Alijua kwamba mdogo wake ana haki katika lile la mwisho, na hakuwa na nguvu ya kupanda nalo mlima wala ya kushuka nalo.

Jumatatu, Jumanne, alisoma tarehe kama kawaida. Jumanne mchana simu yake ililia, namba asiyoijua.

"Shikamoo, mama mdogo," sauti ya mwanamke ilisema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Husna. Namba nimepewa na watu wa redio. Nipo Mombo, mimi ni fundi cherehani." Sauti ilikatika kidogo, kisha ikarudi. "Mimi ndiye ile mimba uliyoitangaza."

Yusta alikaa chini pale alipokuwa, kwenye kizingiti cha jikoni.

Husna alieleza bila haraka, kama mtu aliyepanga maneno yake kwanza. Redio ya Lushoto huko bondeni inasikika kuliko vijiji vingine vya milimani, maana mnara unatazama tambarare. Huwa anaifungulia akishona. Jina la Rahabu Hezekia alilijua, mama yake alimwambia zamani, mara moja tu. Alipolisikia alikuwa anashona sare ya mtoto, akaishona kola upande wa ndani. Alikaa siku sita kabla ya kupiga kwa kuwa ilibidi kwanza amuulize mwenyewe, na mwenyewe si mtu wa kujibu siku hiyo hiyo.

"Yu hai?" Yusta aliuliza.

"Yu hai, mama mdogo. Masikio yanasumbua, na miguu. Amesema ukitaka kuja, uje. Amesema uje siku ambayo si ya gulio."

*

Alikwenda Alhamisi. Alimwomba Alen ruhusa, na Alen akampa bila kuuliza, akapiga nyimbo za injili dakika kumi zote.

Nyumba ya Husna ilikuwa karibu na reli, ya matofali ya kuchoma, yenye kibaraza cha saruji. Joto la Mombo lilimpokea kama blanketi la maji. Alikuwa amevaa sweta la Lushoto na hakulivua kwa aibu. Kwenye kibaraza, juu ya mkeka, aliketi mwanamke mnene aliyejifunga ushungi, amenyoosha miguu, na ungo wa kunde mapajani. Yusta alimtambua kwa mikono. Ilikuwa mikono ya mama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Umekuwa mweusi. Ulikuwa mweupe mtoto wewe. Vua hilo sweta, utazimia."

Yusta akavua sweta. Husna akaleta maji ya kunywa, akaleta kigoda, akaingia ndani akawaachia nafasi. Cherehani yake ilianza kulia, ikakaa inalia muda wote waliozungumza.

Yusta alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Soni. Akayasema yote, kwa sauti ya juu kwa sababu ya yale masikio, kiasi kwamba jirani aliyekuwa anafua alinyamaza kusikiliza. Alisema habari ya mstari, ya mwalimu na fimbo, ya wimbo. Alisema kwamba kila mwaka anaposikia ngoma za sherehe anauona ule mkono. Alisema anaomba msamaha.

Dada yake aliendelea kupeta kunde. Alipoona mwenzake amemaliza, akauliza, "Mkono gani?"

"Ulinyoosha mkono. Pale kwenye kona. Ulikuwa unaniita."

"Sikukuita wewe."

"Ulinyoosha mkono, dada, nilikuona kwa macho yangu."

"Nilinyoosha, ndiyo. Nilikuwa nasimamisha lori la chai linalotoka Bumbuli. Lilikuwa nyuma yenu, limekwama nyuma ya watoto wote wale na ngoma zao, linapiga honi. Nilikuwa naogopa dereva asinione." Akatupa jiwe dogo kutoka kwenye ungo. "Wewe sikukuona. Watoto walikuwa wengi, na wote mmevaa sawa. Ningekuonaje?"

Kwa miaka arobaini na minane Yusta alikuwa ametembea na kitu kile. Alikizaa akiwa na miaka kumi na mmoja, akakilea, akasoma nacho chuo cha ualimu, akaolewa nacho, akazika nacho mume. Sasa aliambiwa kwamba hakikuwa cha kwake. Alitegemea angalau apate nafuu. Alichokipata ni uchovu mkubwa, kama mtu aliyefika mwisho wa safari akaambiwa gari halikuwa linakwenda huko.

"Kwa hiyo hukunikasirikia," alisema.

"Siku ile? Hapana." Dada yake akauweka ungo chini. Sasa sauti yake ilibadilika. "Niliwakasirikia baadaye. Niliandika barua tatu. Moja nilipofika Tanga, kwamba nimempata Sharifu, amenioa, sikulala njaa. Moja Husna alipozaliwa. Moja alipoanza shule, nikaweka na picha yake. Hakuna aliyejibu. Baba simlaumu sana, baba namjua. Lakini wewe ulikuwa unasoma. Ulikuwa mwalimu. Ulishindwa kuuliza posta dada yako yuko wapi?"

Yusta alikumbuka. Katika kalenda zile, kwenye miaka tofauti, kulikuwa na siku tatu ambazo baba aliandika neno moja: "Barua." Na chini yake, kwa herufi ndogo: "Haijajibiwa." Alizisoma mara nyingi. Mwaka juzi alisoma mojawapo redioni, akawachekesha watu kwamba hata zamani ofisi za dayosisi zilichelewesha majibu.

"Sikujua kama ni zako," alisema.

"Hukutaka kujua."

"Sikutaka kujua," Yusta alikubali.

Jirani alirudi kwenye kufua. Cherehani ililia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Sharifu alikuwa mtu mwema," dada yake alisema. "Hilo baba yako hakuliandika popote. Alinioa, akanipa jina, Mwajuma, akanifundisha kusali. Tulikaa Tanga, tukaenda Kilosa kwenye mkonge, hakuninyanyulia mkono hata siku moja. Amefariki 2009. Husna alipoolewa huku Mombo nikamfuata. Kila siku nauona mlima wenu pale." Akaonyesha kwa kidevu, kule ambako Usambara ilisimama kama ukuta, juu yake wingu. "Sikuwahi kutaka kupanda."

"Njoo sasa. Kristian yuko nyumbani. Makaburi ya baba na mama..."

"Miguu hii?" Akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi. "Niache. Na mbele ya wajukuu usiniite Rahabu. Wao wananijua kwa Mwajuma. Wewe niite dada, inatosha."

Walikula wali na kunde, mkekani. Husna alitoka akaketi nao. Alikuwa na miaka arobaini na saba, miwani ya kushonea imening'inia kifuani, na alitafuna upande mmoja kama alivyotafuna Hezekia. Yusta aliliona hilo, hakulisema.

*

Mwisho wa Machi alimwambia Alen kwamba basi. Alen alibisha kidogo, kwa adabu, halafu akaleta msichana aliyemaliza kidato cha nne, aliyekuwa anasubiri kuchaguliwa kidato cha tano, mwenye sauti safi na asiyeogopa kipaza sauti. Kamati ilikuwa imeuliza maswali yake, ikajibiwa, ikasahau. Msichana aliomba aachiwe zile kalenda.

"Hapana," Yusta alisema. "Tumia kitabu."

Kalenda alizipeleka kwa Kristian mwenyewe, siku ya Jumamosi, baada ya kukaa miezi miwili bila kusemezana. Alimweleza yote ya Mombo: lori la chai, zile barua tatu, Sharifu. Kristian alisikiliza akiwa amesimama shambani na jembe mkononi. Hakusema amesamehe wala hakusema atakwenda. Aliuliza tu huyo Husna ana watoto wangapi, na kama wanasoma. Alipoambiwa wanne, wawili wako sekondari, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupalilia. Wakati Yusta anaondoka alimkuta mke wa Kristian mlangoni na mfuko wa peasi.

"Baba Shukrani amesema upeleke huko bondeni," alisema.

Siku hizi Yusta huteremka Mombo mara mbili kwa mwezi, goti likimruhusu. Si kwamba wana mengi ya kuambiana. Waliachana mmoja msichana na mwingine mtoto, wakakutana wazee, na katikati hapo kuna maisha mawili yasiyofahamiana. Mara nyingine dada yake humrudia na lile swali la posta, ghafla, katikati ya mazungumzo ya mambo mengine, na Yusta hujibu vile vile. Mara nyingine hupitisha mchana mzima akimsimulia habari za Kilosa, na Yusta hulala akiwa ameketi, na mwenzake humwacha alale.

Wiki iliyopita mvua za masika zilikuwa zimekata barabara mahali fulani juu ya Soni, magari yakasimama. Yusta akalazimika kulala Mombo. Husna aliwatandikia chumba kimoja, kitanda kimoja kikubwa, kwa kuwa kingine kilikuwa cha watoto. Mapema jioni dada yake akapanda kitandani, akajipima nafasi, akamsukuma Yusta kwa kiwiko kuelekea ukutani.

"Sogea," alisema. "Hata utotoni ulikuwa unalala katikati."

Yusta akasogea.